Kufuli la Jumatatu

Simu ya Bibi Sindano ilikuwa hailii. Mara mbili aliipeleka kwa fundi wa simu wa mtaa wa pili, na mara zote mbili fundi aliishika, akaipigia kwa simu yake mwenyewe, ikalia vizuri tu, akamrudishia.

"Mama, simu ni nzima," alimwambia mara ya pili. "Labda watu ndio wabovu."

Bibi Sindano akacheka naye mpaka mlangoni. Alipofika barabarani kicheko kikamkauka, akaitazama ile simu mkononi kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekataa kusalimia wageni.

Jina la Bibi Sindano alipewa na mtaa. Wengine walimwita hivyo kwa sababu ya cherehani zilizojaa chumba chake cha mbele, wengine kwa sababu ya ulimi wake, naye hakuwahi kuuliza nani anamaanisha ipi. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa cherehani. Alipofariki, miaka miwili na ushee iliyopita, alimwachia mjane vitu vitatu: mashine ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, kigoda kilichochimbika kwa umbo la makalio yake, na tovuti.

Tovuti yenyewe ilikuwa na jina fupi: neno cherehani, nukta, na zile herufi za mwishoni ambazo kila tovuti lazima izivae kama sare. Binti yao ndiye aliyelisajili, alipokuwa angali mwanafunzi, enzi ambazo majina mafupi yalikuwa yametapakaa kama vifungo chini ya meza ya mshonaji, wa kuokota aokote. Siku hizi yamekwisha. Mara kwa mara kampuni fulani huandika kuliomba, na Bibi Sindano huijibu kwa adabu kwamba jina bado linavaliwa.

Kompyuta alijifunza uzeeni, mumewe akiwa mgonjwa kitandani, akimtamkia majibu ya wateja naye akiyachapa kwa kidole kimoja, kile kile cha kuvalia kastabini. Baada ya kifo aliendelea kujibu kama yeye. Watu waliandika kutoka kila upande, "Shikamoo fundi," naye akaitikia marahaba kwa niaba ya marehemu. Nusu yao waliuliza swali lile lile: cherehani yangu inaruka mishono, nifanyeje? Naye akaandika jibu lile lile, kwamba wabadilishe sindano kwanza, wasiilaumu mashine. Kila alipoliandika alilituma upesi bila kulisoma tena, na sababu alikuwa anaijua.

Miaka minane nyuma, watu walikuja nyumbani kumchumbia binti yake. Kijana alikuwa na kigugumizi. Aliposimama kusema jina lake, neno likakwama, likarudi, likakwama tena, na sebule nzima ikamsubiri kwa heshima. Bibi Sindano hakuweza kusubiri. Tangu utotoni, utani ukimfika kwenye ulimi ulikuwa kama chafya.

"Cherehani yenu hii inaruka mishono," akawaambia wageni. "Mmekuja kuchumbia, au mmeileta kwa fundi?"

Watu walicheka. Hata mjomba wa kijana alicheka, na huyo ndiye aliyekuwa msemaji wao. Kijana akabaki amesimama, mdomo wazi, jina lake bado halijatoka. Kisha akaketi. Wageni waliondoka kabla ya chakula na hawakurudi tena.

Wiki iliyofuata binti alifungasha. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akasema na baba yake kwanza, halafu akamgeukia yeye.

"Nikiwa na neno nitaliandika kwa anwani ya cherehani," alisema. "Na wewe mama, siku ukiweza kuniambia jambo moja tu bila kulitia utani, nitakujibu."

Mama yake alitaka kusema kitu. Kilichomjia kilikuwa utani, akanyamaza.

Baadaye walihama nyumba ile, na laini za simu wakabadilisha. Binti hakuijua nyumba mpya wala namba mpya, nao hawakujua yuko nchi gani. Kilichobaki kati yao ni ile anwani yenye jina la cherehani. Kila siku saa mbili asubuhi Bibi Sindano alifungua sanduku la barua, akapitia wenye mikanda iliyokatika na bobini zilizokwama, akifika mwisho anarudi juu, asije akawa ameruka moja. Binti hakuwa ameandika. Lakini maadamu jina lilikuwepo, alikuwa na mahali pa kuandika.

Mambo ya Jumatatu yalianza kwa bahati mbaya. Mume alikuwa na miezi minne kaburini. Bibi Sindano alikuwa anatafuta namna ya kubadilisha picha kwenye tovuti, akapotea, akajikuta kwenye ukurasa wa Ofisi ya Majina, ile inayotunza majina ya tovuti zote. Akagusa palipoandikwa "Fungua kufuli." Akagusa palipoandikwa "Hamisha jina." Ikatokea fomu, na kwenye fomu kisanduku kikimwuliza: Sababu ya kuhama? Yeye alidhani wanamwuliza habari za marehemu. Akaandika: "Mwenyewe kahamia makaburini bila kubonyeza kitufe. Nami natafuta mume mwingine, mwenye tovuti yake." Akatuma, akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake simu ililia. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja haijalia, hivyo kwanza alidhani ni ya jirani.

Alikuwa ofisa wa Ofisi ya Majina, mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyekunywa chai sasa hivi. Alimwuliza jina la tovuti. Akamwuliza neno la siri. Neno hilo lilikuwa Mama Mkwe, jina la utani la cherehani kongwe kuliko zote chumbani, iliyonung'unika kutwa nzima hata ikipakwa mafuta. Baba na binti ndio waliolichagua, na dunia nzima waliolijua walikuwa watu watatu. Kisha ofisa akauliza kama ni yeye aliyeomba jina lihamishwe.

Bibi Sindano akasema hapana, jina lihame liende wapi? Ofisa akamweleza kazi yao. Kuna watu huiba majina kama wengine wanavyoiba ng'ombe: wanalitoa kwa mwenyewe kimyakimya, wanaliandikisha kwingine, na ukija kushtuka barua zako zote zinaingia kwa mtu mwingine. Ndiyo maana kila ombi la kuhama ofisi hulipigia simu.

"Ukisema hapana, halitoki," alimwambia. "Lakini tusipopata jibu lako kwa siku tano, mama, ukimya wako tunauhesabu ni ndiyo."

"Basi marehemu mume wangu alikubali kila kitu maisha yake yote," akasema Bibi Sindano.

Ofisa akacheka. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameisoma ile sababu, akampa pole ya msiba. Wakaongea juu ya cherehani ya mkewe inayotafuna nyuzi, robo saa nzima. Simu ilipokatika Bibi Sindano aliendelea kuishikilia sikioni mpaka sikio likapata joto.

Jumatatu iliyofuata alikaa mbele ya kompyuta, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, utadhani anachungulia chungu cha wenyewe. Akabonyeza.

Ikawa ndiyo kalenda yake. Jumatatu anafungua kufuli na kuomba, Jumanne simu inalia, anasema hapana, na mazungumzo yanafuata. Kwenye kisanduku cha sababu aliandika vituko vya kumchekesha ofisa: jina limechoka kulala na mjane, jina linataka kwenda kusoma, nahama kwa sababu panya wa hapa wameanza kuniita dada. Bibi Sindano alimpachika yule ofisa jina la Bwana Kufuli, kwani kila ofisa alipoaga alisema maneno yale yale: sasa funga kufuli, mama. Mwanzoni alifunga. Lakini kulifungua tena kulitaka neno la siri, miwani na subira, na wiki ni fupi, akaona aliache wazi tu. Barua za ofisi zilizokuja baada ya kila ombi alizifuta bila kuzisoma. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, na nani ana macho ya kusoma mayai ya chawa?

Bwana Kufuli hakuwa mjinga. Mwezi wa tatu tu alikwishajua nani anaomba, na kwa nini. Hakumwumbua. Aliandika maelezo kwenye faili lake, akaendelea kupiga simu.

Kisha akaja Mwanafunzi. Huyu aliandika kwa anwani ya cherehani, kwanza akiuliza juu ya pedali, halafu akisema maarifa ya fundi yamemvutia, naye angependa kuwa na tovuti yake. Aandike wapi? Abonyeze nini? Alikuwa na adabu ya kupitiliza, kila sentensi "mwalimu wangu." Bibi Sindano aliishia darasa la saba, na maishani hakuna aliyewahi kumwita mwalimu. Akamfundisha kwa moyo wote, hatua kwa hatua. Alipoulizwa namba za kuhamishia, zile ambazo ofisi humpa mwenye kuomba, zinafananaje, alizinakili kutoka kwenye barua ya ofisi ambayo hakuwa ameifuta bado na kumtumia, apate mfano mzuri. Mwanafunzi akashukuru sana.

Wiki ile ile Bwana Kufuli alipiga simu yake ya Jumanne, lakini sauti haikuwa na chai.

"Mama, Jumatatu ijayo usibonyeze," alisema. "Funga kufuli, uliache limefungwa. Nakuomba."

Alikuwa na maneno mengine, ilisikika, ila hakuyatoa, naye Bibi Sindano hakuyangoja. Aliona amechokwa. Akajibu kwamba hata yeye ana shughuli zake, cherehani kumi na moja zinamsubiri. Akakata simu kwanza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kufuli hakulifunga. Mtu aliyenuna hafungi kitu. Anaacha kila mlango wazi ili aonekane amenuna.

Jumatatu haikubonyezwa. Jumanne simu haikulia. Jumatano alimpaka Mama Mkwe mafuta, akashona mstari mmoja kwenye kitambaa kitupu, akaufumua, akaushona tena. Alhamisi alipita mama wa duka la jirani kuomba mkasi, akamkalisha kwa hadithi mpaka yule mama akasema chungu chake kinaungua.

Ijumaa, saa saba mchana, alikuwa anafuta barua za zamani alipoona moja ya Ofisi ya Majina, ya Jumatatu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kufuta. Kikasimama chenyewe. Jumatatu hii hakuomba kitu.

Akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza akaisoma barua yote, mpaka yale mayai ya chawa. Jina la cherehani limeombwa kuhamishwa. Namba za kuhamishia zimetolewa na ni sahihi. Kufuli liko wazi. Sababu: mwenyewe amekubali. Pasipopatikana jibu kufikia saa kumi jioni ya siku ya tano, jina litahama. Nakala imetumwa kwa wahusika wote.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Alizihesabu kwa vidole na vidole vikatosha.

Zile namba alizifahamu. Akairudia barua ya mwisho ya Mwanafunzi, iliyoingia Jumatatu hiyo hiyo, ambayo yeye aliisoma akatabasamu. Ilikuwa ya mstari mmoja: "Asante mwalimu, nimehitimu."

Alipiga simu ofisini, ukapigwa muziki. Akapiga tena, muziki. Akachukua mkoba, akatoka, akarudi kuvaa viatu, akatoka tena. Njiani hakuwaza kampuni wala wateja. Alimwaza binti yake, mahali fulani, siku moja akiamua kuandika, akichapa ile anwani aliyoijua kwa moyo, na barua ikiingia kwa watu wasiomjua, wakaifuta kama yeye alivyofuta za ofisi.

Ofisi ya Majina ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye viti vya bluu vilivyofungwa pamoja kama wafungwa, na kaunta yenye kioo. Nyuma ya kioo alikuwepo binti mwenye miwani mikubwa. Bibi Sindano akamwulizia ofisa wa simu za kuthibitisha, yule baba mwenye sauti ya taratibu.

"Amestaafu wiki iliyopita, mama," akasema Binti wa Miwani. "Sasa ni mimi."

Basi hayo ndiyo maneno ambayo hakuyangoja kwenye simu. Akayameza. Akataja jina la tovuti, akaeleza kwamba ombi la Jumatatu si lake, ni la mwizi, na saa ya ukutani inasema saa tisa kasoro robo. Binti wa Miwani akafungua faili, akasoma, akapata haya. Akaisogeza kompyuta ili na Bibi Sindano aone. Bwana Kufuli alikuwa ameandika: "Mwenyewe huomba kila Jumatatu. Hana nia mbaya, ni mpweke. Apigiwe, lakini si lazima haraka."

"Nilipanga kukupigia leo mchana," akasema Binti wa Miwani. "Niliona si lazima haraka."

Bibi Sindano aliangalia lile neno mpweke. Miaka miwili alikuwa anamchekesha yule mtu, kumbe mwenzake alikuwa anaandika.

"Ninakataa," alisema. "Neno la siri ni Mama Mkwe. Andika nimekataa."

"Limeshakataliwa, mama. Tangu saa tatu asubuhi. Ndiyo maana sikukupigia tena."

"Limekataliwa na nani?"

"Na mwenye jina."

"Mwenye jina mimi."

"Wewe ni mtu wa kupigiwa simu, mama. Mwenye jina ni aliyelisajili." Binti wa Miwani akasita, akachagua maneno kama anayechagua mchele. "Alipiga simu mwenyewe, kutoka nje. Akataja neno la siri. Halafu akanisema, kwa nini tumekaa na ombi tangu Jumatatu bila kumwuliza mama."

Watu watatu walilijua lile neno. Mmoja alikuwa kaburini, na mmoja alikuwa amesimama hapo, mikono juu ya kaunta.

"Sauti yake ikoje?" aliuliza Bibi Sindano.

"Ya kawaida, mama."

Bibi Sindano aliinama karibu na kioo. Aliendelea kumtazama kupitia kioo, na Binti wa Miwani akaona lazima atafute kitu kingine cha kumpa.

"Ana mafua," akasema.

Anwani hakupewa. Kanuni haikuruhusu, na kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyoliokoa jina, hivyo hakuona pa kulalamika. Aliuliza jambo moja tu, kama zile nakala za wahusika wote humfikia. Humfikia zote, akaambiwa, tangu mwanzo. Kila ombi, na sababu yake iliyoandikwa.

Alikaa kwenye kiti cha bluu. Binti wa Miwani alimletea maji, akayashika bila kuyanywa. Alikuwa anazipitia sababu zake moja moja. Panya waliomwita dada. Jina lililochoka kulala na mjane. Akarudi nyuma, nyuma, mpaka akaifikia ile ya kwanza kabisa. Mwenyewe kahamia makaburini bila kubonyeza kitufe.

Hivyo ndivyo binti yake alivyopata habari za msiba wa baba yake. Katika barua ya ofisi, Jumatatu moja, kwa utani wa mama yake.

Safari hii hakuna kilichomjia kwenye ulimi.

Alirudi nyumbani jioni, akalifunga kufuli. Kisha akakaa Jumamosi na Jumapili akilitazama. Alitaka kuandika, na pa kuandikia palikuwa mahali pamoja tu, kile kisanduku cha sababu, ambacho hakifunguki mpaka kufuli lifunguliwe.

Jumatatu akalifungua. Akaandika: "Mwanangu, cherehani haikuwa na kosa, sindano ndiyo iliyokuwa mbovu." Akaipenda hiyo sentensi. Ilikuwa nzuri, ingewachekesha watu. Akaifuta. Alichoandika baadaye kilimchukua asubuhi nzima, na kila alipokisoma alijiona kama mtu aliyetoka barabarani bila nguo:

"Baba yako alifariki mwaka juzi, asubuhi, nikimsomea barua ya mteja. Aliuliza kama umeandika. Nilimwambia bado. Ulipaswa kuambiwa vizuri, sikukuambia vizuri. Yule kijana nilimkosea. Wewe nilikukosea zaidi. Nisamehe. Nasikia una mafua. Pole."

Akabonyeza kabla ulimi haujamrudia.

Kesho yake Binti wa Miwani alipiga mapema, hakungoja mchana. Akauliza jina, akauliza neno, akauliza kama ombi ni lake.

"Ni langu," akasema Bibi Sindano.

"Basi nikuandikie umekataa, kama kawaida?"

"Usiandike. Mimi sijajibu."

Binti wa Miwani akaacha kuchapa. "Mama, ukimya mpaka Ijumaa saa kumi ni ndiyo. Jina litahamia ofisi nyingine, wahusika wa zamani wataondolewa, hata yule aliyelisajili. Hatapata tena barua yoyote."

"Nimekwisha elezwa hayo."

"Sasa kwa nini usikatae?"

"Nimekataa miaka miwili peke yangu, mwanangu. Safari hii nangoja mwingine akatae."

Jumatano haikuja barua. Alijibu wateja saba, watano wao wa kuruka mishono. Alhamisi mvua ilinyesha, umeme ukakatika, akakaa kwenye kigoda cha marehemu akiisikiliza kompyuta isiyotoa sauti. Mama wa duka alirudisha mkasi, akaukaribisha mwenyewe utani, akauliza mbona leo ulimi umelala. Bibi Sindano akamwambia umeenda kwa fundi. Yule mama akacheka, akaenda zake, na nyumba ikarudi kuwa vile ilivyokuwa.

Ijumaa umeme ulirudi saa nne. Saa sita hapakuwa na kitu. Saa nane hapakuwa na kitu. Simu aliiweka mbele yake, namba ya ofisi ikiwa tayari, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza kupiga kelele kwamba akatae mwenyewe, neno moja tu, aokoe walau anwani. Saa tisa na nusu aliishika. Akaiweka. Akaishika tena.

Saa kumi kasoro dakika kumi na nne barua iliingia, ya Ofisi ya Majina, yenye nembo yake na lugha yake kavu. Ombi la kuhamisha jina la cherehani limekataliwa na mwenye jina. Jina litabaki lilipo. Chini yake kulikuwa na mstari ambao hakuwahi kuujua, maana yeye alikuwa akikataa kwa mdomo: Sababu ya kukataa.

"Nimeisoma. Zile nyingine pia nilisoma zote. Mafua yamepona. Funga kufuli, mama."

Alisoma mara moja na miwani na mara moja bila miwani. Halikuwa jibu refu. Halikusema anaishi wapi, wala kama atakuja, wala kama amesamehe. Alitafuta chini, kwenye mayai ya chawa, hapakuwa na zaidi.

Akaenda kwenye ukurasa wa kufuli, akaandika neno la siri kwa kidole cha kastabini, akafunga. Kisha akavuta kigoda karibu na sanduku la barua, akakaa. Haikuwa saa mbili asubuhi, na Jumatatu ilikuwa mbali, lakini hakuwa na mahali pengine pa kwenda.